Kiti cha Mzee Nshombo

Niliolewa na Hyacinthe Nshombo, lakini waulize watu wa Bukavu waliotawanyika Marekani, watakuambia niliolewa na kitabu. Babu yake, Mzee Nshombo, aliandika riwaya moja tu maishani mwake, *Mgeni wa Walungu*, na hiyo moja ilitosha kututesa sote. Ilisomwa katika shule zetu zote. Mwalimu alisema nusu ya sentensi ya kwanza, darasa likamalizia nusu ya pili kwa sauti moja. Mgeni hakubisha hodi. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya baba yake. Vitabu vyenyewe viliungua vitani, vikaliwa na panya, vikafungiwa karanga sokoni. Sentensi ile ilipanda ndege pamoja na wakimbizi, na hakuna aliyeiomba hati.

Mume wangu alipewa jina la babu yake siku aliyozaliwa. Kwetu, mjukuu akichukua jina la babu, ni babu mwenyewe karudi. Kwa hiyo bibi yake, Koko Clémence, alimwita "bwana yangu" tangu yuko mgongoni, na nyama ilipoiva alimtengea kipande cha mwenye nyumba. Siku ya harusi yetu aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akaniambia mbele ya wageni: "Muke mwenzangu, huyu mwanaume tutagawana, lakini mie ndiye nilianza." Watu wakacheka, nami nikacheka. Ni utani wa bibi na wajukuu, kila nyumba inao. Sikujua kwamba utani nao huzeeka, na ukizeeka unapotewa na akili.

Marekani tulianzia Louisville, kwenye magorofa ya Newburg. Hyacinthe alipata kazi ya kupanga masanduku katika ghala. Siku ya kwanza, Mkongomani mwenzake alisoma jina kwenye kitambulisho chake kifuani, akaweka sanduku chini. "Nshombo? Nshombo ya kitabu?" Kabla ya chakula cha mchana mstari mzima wa wafanyakazi ulikuwa umeshaimba ile sentensi, na kabla ya wiki kuisha tulikuwa tumeitwa kwenye mahari ya watu tusiowajua, Hyacinthe awe msemaji wa upande wa bwana harusi. Walifikiri maneno yako kwenye damu yake. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," walimwambia, wakimpongeza. Basi alitoka kazini mgongo umekatika, akavaa suti, akaenda kusimama mbele ya watu na kusema sentensi ambayo hakuiandika yeye. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ana ya kwake.

Alikuwa nayo. Aliiandika asubuhi katika chumba cha mashine za kufulia, chini ya gorofa letu, akingojea nguo zetu zizunguke. Mimi nilidhani nimebahatika kupata mwanaume mpenda usafi, kumbe alikuwa anafua shati moja mara mbili ili amalize ukurasa.

Siku aliponipa niisome nilikaa kitandani na viatu vya kazi miguuni. Riwaya yenyewe ni hivi: mtu anafika kwenye mlango, anabisha hodi. Anaueleza mlango, rangi yake inavyobanduka, viatu vilivyoachwa nje, harufu ya kitunguu kinachokaangwa ndani, televisheni inayocheka peke yake. Kisha unafungua ukurasa, hauna kitu. Mweupe kabisa. Unaofuata, mlango mwingine, sura nyingine. Kitabu kizima ni milango.

Nilimuuliza kama printa iliishiwa wino.

"Hapana. Hapo ule mutu iko anangoja."

"Anangoja nini?"

"Bamufungulie."

"Na bakimufungulia?"

"Habamufungulii," akasema. Kisha, kwa vile aliona uso wangu, akakaa karibu nami. "Unaona, Charlotte, Mzee yeye aliingia bila hodi. Kila fasi ilikuwa kwa baba yake. Mie sijaingiaka fasi bila kupiga hodi. Tangu tutoke kwetu ni milango tu. Ningeandikaje kitabu kama yake?"

Mimi si mtu wa vitabu. Nilimwambia karatasi zinanunuliwa, na msomaji atadai arudishiwe pesa za kurasa tupu. Lakini nilikisoma hadi mwisho, na nilipomaliza nilikuwa nimechoka kana kwamba nimepanda ngazi na magunia. Mpaka leo sijui kama hiyo ni sifa au lawama.

Tulihama Newburg kwenda Columbus. Sababu ya kusema mbele za watu ilikuwa kiwanda, kwamba kule kazi ni nafuu kwa mgongo. Sababu yenyewe ni kwamba Hyacinthe alitaka kukaa mahali ambapo Nshombo ni jina tu kama Bulonza au Rugamba. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yake ilikuwa imeshatangulia. Hatujamaliza kushusha magodoro, akaja shemasi wa kanisa la Wakongomani pale, mtu mmoja mwema anaitwa Enoki, kutusaidia kubeba. Alishika kitanda upande wa miguuni, Hyacinthe upande wa kichwani, na walipofika mlangoni Enoki akasimama, akatabasamu kwa furaha yote ya moyo wake: "Mgeni hakubisha hodi..."

Mume wangu alikuwa na kitanda mikononi. Angefanya nini? Alimalizia.

Enoki ndiye aliyemwomba asome kwenye sikukuu ya shukrani kanisani. Siku kadhaa baadaye Hyacinthe akaniambia atasoma, lakini atasoma cha kwake. Nilimpigia pasi shati. Niliogopa, nakiri, ila niliogopa kama mtu anayempeleka mtoto shule, hofu yenye fahari ndani.

Alisimama, akasema hii ni kazi mpya, ni yake mwenyewe. Walipiga makofi. Alisoma mlango wa Newburg, na alisoma vizuri, wamama wakawa wanaguna kwa kukubali aliposema habari ya viatu vya watoto nje kwenye baridi. Akafika kwenye ukurasa mweupe. Akainamisha macho, akanyamaza, kama alivyouandika.

Mimi nilijua. Ukumbi haukujua. Sisi ni watu tuliofundishwa kwa kukariri. Kwetu, mwanafunzi akisimama mbele ya darasa akanyamaza, amesahau, na jirani asiyemnong'oneza ni jirani mbaya. Nikaona huruma inapita kwenye viti vyote. Mtu alikohoa ili kumpa nafasi. Ukimya ukaendelea, na Enoki, kwenye benchi la mbele, hakuweza kuvumilia kumwona ndugu yake anaaibika. Akanong'ona, lakini kwa sauti ya shemasi: "Mgeni hakubisha hodi..."

Na kanisa zima, wazee, kwaya, hata watoto waliozaliwa hapa ambao Kiswahili wanakijibu kwa Kiingereza, wakamsaidia kwa sauti moja: "Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya baba yake!"

Vigelegele. Makofi. Mama mmoja alimpelekea soda. Enoki alimkumbatia na machozi machoni. "Usione haya, ndugu. Hata Mzee angesahau. Tuko hapa ju ya kukusaidia."

Walikuwa na upendo wa kweli, na ndiyo maana nilishindwa hata kuwakasirikia. Nyumbani Hyacinthe alizitia zile karatasi kwenye boksi la mabuti ya theluji, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

"Charlotte," akasema, "mie nilichoka kuwa mutu mwenye alishakufa."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka yote nilikuwa namwona ananung'unika kwa sababu ya kusifiwa, kitu ambacho wengine wanakitafuta kwa tochi. Siku hiyo ndipo nilipouweka mzigo ule kichwani mwangu, nikaona shingo inazama. Hakuandika tena. Nguo zetu zikawa zinafuliwa mara moja.

Kisha tukapigiwa simu kutoka Buffalo. Shangazi yake, aliyekuwa anaishi na Koko Clémence, amefariki, na Koko anapotea ndani ya nyumba, anatafuta choo jikoni. Mjukuu mkubwa ni Hyacinthe, tena mwenye jina. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Tukafunga mizigo mara ya tatu.

Nyumba iko karibu na Grant Street, ghorofa ya juu, ngazi nyembamba zinazolia. Hyacinthe akarudi kwenye kazi ya ghala. Mimi nilipata kazi kwenye nyumba ya wazee huko Kenmore. Nawainua wazee wa watu, nawaogesha, nawavalisha, napanda basi narudi, nainua wa kwangu. Mikono yangu haijui tena ni zamu ipi. Nasema hivi si kwa kulalamika, au tuseme ni kwa kulalamika, maana kuchoka nako ni haki ya mtu.

Kando ya dirisha la Koko kulikuwa na kiti cha mikono, cha kitambaa cha kahawia, kilichotoka nyumba kwa nyumba hadi kikaishia pale. Haruhusu mtu akikalie. Padri alikaa, akainuliwa. Siku tuliyofika, Hyacinthe alipoingia na begi, Koko alimtazama kwa muda, uso wake ukafunguka.

"Umerudia," akasema. "Kaa kwa kiti yako."

Tukacheka, tukijua ni ule utani. Yeye hakucheka. Akanyoosha kidole kwangu. "Na huyu? Ndiye ule wa pili?"

Ndipo nikawa mke mwenza kwelikweli. Aliificha sukari yangu chini ya godoro lake. Alikataa sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, akasema nimetia dawa ya kumvuta mwanaume. Nikimwogesha alinisema kwa sauti kubwa, kwa Kimashi, lugha ya kwetu, ili mume wake asikie jinsi alivyooa vibaya. Binti yetu alikuwa anasimama mlangoni akimwambia baba yake, "Dad, she thinks you're him," kana kwamba kudhaniwa kuwa Mzee lilikuwa jambo jipya kwa baba yake. Maisha yake yote, nani hakufikiri hivyo?

Na kila siku, Hyacinthe akitoka kazini, akikalishwa kwenye kile kiti na kupewa chai ya kwanza, Koko alimuuliza lile lile: "Kitabu ilishaisha?"

"Bado, Koko."

"Unachelewa. Batu bananiuliza."

Jumapili wageni wa kanisani walikuja kumsalimia, nao wakamsomea ile sentensi kama zawadi, wakitegemea alie. Alijibu "eeh, eeh," kama mtu anayeambiwa kwamba nje kuna theluji.

Nitasema wazi kilichokuwa kinamuuma mume wangu, maana yeye aliniambia wazi. Koko Clémence ndiye mtu wa mwisho aliyemjua Mzee akiwa mezani na kalamu, si kwenye kitabu. Kama kuna mtu duniani angeweza kusikia maneno ya Hyacinthe na kusema haya si ya Mzee, haya ni yako, ni yeye. Hyacinthe alikuwa ameitunza ndoto hiyo hata baada ya Columbus. Sasa amemfikia Koko, na kwake hakuna Hyacinthe. Hakumuulizia hata siku moja. Alimlea mtoto, akamsahau mtoto, akamkumbuka marehemu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, mimi nikingoja saa ya basi. Koko alikuwa hatulii, anavuta vifungo vya gauni. Kazini tunafundishwa kwamba mzee aliyepotea umpe kitu cha kufanya kwa mikono. Nilikuwa nimenunua maharage Grant Street. Tatizo, maharage ya huku ni safi, hayana hata jiwe. Nikashuka hadi uani, nikafukua kwenye theluji nikapata vijiwe vidogo, nikaviosha kwa maji ya moto, nikavichanganya kwenye sinia. Nikamwekea mapajani. Vidole vyake vikakumbuka vyenyewe. Akaanza kuchagua, jiwe huku, harage huku, na uso ukatulia.

Hyacinthe alikuwa ameketi kwenye kile kiti. Akaniambia polepole kwamba kule Bukavu ndivyo ilivyokuwa: Mzee anasoma alichoandika, Koko anachagua maharage.

Koko akainua kichwa. "Basi soma. Maharagi iko hapa, na wewe unanyamaza."

Nilimwona Hyacinthe anaenda chumbani. Nikasikia boksi la mabuti linavutwa. Alipotoka na karatasi nikamzuia kwenye korido.

"Utamusomea yako, atasema ni ya Mzee," nikamwambia. "Unaiba kitu yako mwenyewe unamupa maiti?"

"Bon, Charlotte. Asikie tu. Jina si kitu."

Uongo. Nilipita nikaketi kwenye kona ya kitanda, nimeshavaa koti, na hasira imenijaa, sijui kwa nani.

Alisoma mlango wa Newburg. Rangi, viatu, kitunguu. Koko alichagua maharage bila kuinua macho. Akafika kwenye ukurasa mweupe, akanyamaza.

Nikashika kitambaa cha koti. Koko anaijua sentensi ile kuliko kanisa lote la Columbus, aliisikia kabla wino haujakauka. Nikangoja aimalizie.

Hakuimalizia. Vidole vyake vikasimama. Akainua kichwa kidogo, akakigeuzia upande wa mlango wetu, akasikiliza kama unavyosikiliza ukidhani umesikia mtu nje. Ukimya ule ukawa mrefu na hakuna aliyeuvunja. Hyacinthe akafungua ukurasa, akasoma mlango wa pili. Akanyamaza tena. Koko akasikiliza tena. Mlango wa tatu.

"Nani ameandika hii?" akauliza.

"Ni mie."

"Hapana." Alisema bila ukali, kama anayesahihisha bei. "Wewe hauwezake. Wewe haujuake kunyamaza. Ukifika ku mulango unaingia, kila nyumba unasema ni ya baba yako. Huyu anangoja. Huyu miguu inamuuma." Akaweka jiwe pembeni. "Nani?"

Nilimtazama mume wangu. Mtu mzima, ana mvi, anaogopa kutaja jina lake.

"Ni Hyacinthe, Koko."

Koko akafikiri. Alikwenda mbali kulitafuta jina hilo, nilimwona akienda. "Hyacinthe," akasema. "Ule wa Charlotte?"

"Eeh. Ule wa Charlotte."

"Ule mwana anachokaka sana." Akatikisa kichwa. "Iko wapi?"

"Iko hapa, Koko."

"Iko hapa? Amesimama ile wakati yote, na wewe umekaa?" Sasa alikasirika kweli, kwa sauti ya mke aliyevumilia mengi. "Toka kwa kiti, mzee. Mwana akae."

Hyacinthe akasimama. Akabaki amesimama katikati ya chumba na karatasi zake, hajui aende wapi. Akaniangalia. Nikamwonyesha kiti kwa kidevu. Akakaa tena, taratibu, pale pale alipokuwa ameketi.

Koko akamtazama vizuri. Akasukuma sinia kidogo mpaka ukingo wake ukagusa magoti ya mjukuu wake.

"Karibu," akamwambia. "Chagua maharagi."

Mume wangu alichagua huku analia, na macho yenye machozi hayaoni vizuri. Mawe mengi yalimpita. Basi la kazini liliniacha, nikapika mwenyewe. Jioni tuliyatafuna mawe hayo, na Koko akasema, kama kawaida, kwamba ni yule mke wa pili asiyejua kupika.